Issa Hakuwa Akinikaba

Wewe uliyekaa kunisikiliza, kabla sijaanza fanya jambo moja dogo. Funga mdomo, kisha vuta pumzi kwa pua, polepole, mpaka kifua kijae. Imepita? Basi umepata kitu ambacho mimi sikukijua mpaka nilipofika umri wa miaka kumi na mmoja. Nilidhani watu wote hupumua kwa mdomo. Nilidhani pia kwamba watu wote hukabwa wakilala.

Naitwa Hamisi. Nimestaafu ualimu, naishi Magomeni, hapa Mtwara mjini. Wajukuu wangu wananiita babu wa kukonyeza, kwa sababu nikichoka jicho langu la kushoto hupepesa lenyewe. Siwakatazi. Habari yenyewe ni ya miaka ile tulipokuwa tukihamishiwa vijiji vya ujamaa, nami nitaieleza taratibu, maana huenda nyumbani kwako yupo mtoto anayelala kama nilivyokuwa nikilala mimi.

Kwetu ni upande wa Kitaya, juu kidogo ya bonde la Ruvuma. Juu tulikuwa na mikorosho na mihogo, chini bondeni tulilima mpunga. Ng'ambo ya mto kulikuwa na vita, na siku nyingine mlio wa mizinga ulitikisa vyungu jikoni. Baba alikuwa amekwenda kwenye mashamba ya mkonge na habari zake tulizipata kwa watu. Nyumbani tulikuwa watatu: mama, kaka yangu Issa na mimi. Aliyetutazama alikuwa mjomba Selemani, kaka yake mama. Kwetu mtoto ni wa ujombani. Mjomba ndiye husema mtoto atiwe jandoni lini, na akishasema, amesema.

Issa alikuwa amenizidi miaka minne. Alikuwa mwembamba, mdomo wazi wakati wote, mwepesi wa kucheka. Alinifundisha kutega ndege kwa ulimbo, ule utomvu unaonata, na nilipoubandika kwenye nywele zangu mwenyewe alininyoa kwa siri ili mama asijue. Tulilala kitanda kimoja cha kamba na wote wawili tulikoroma. Mama alikuwa akitutania asubuhi: "Nimezaa mashine mbili za kukoboa mpunga. Siku moja nitaanza kutoza watu."

Nilipokuwa na miaka saba, Issa aliingia jandoni.

Mambo ya kumbi, yaani ile kambi ya porini wanamokaa watoto waliotahiriwa, hayasemwi ovyo. Nitasema machache tu yanayohitajika. Kila mama hupika, na chakula hupelekwa kumbini katika bakuli la mtoto wake mwenyewe. Jioni bakuli hurudi tupu, mdomo wake ukiangalia juu. Mama akiliona hivyo anajua mwanawe amekula, analala. Lakini kama mtoto amefariki, kwetu wakati ule hakuna aliyetumwa kusema. Bakuli lilirudi limefunikwa, mdomo chini. Mama hakuruhusiwa kulia kwa sauti mpaka kumbi livunjwe, ili akina mama wengine wasiingiwe na hofu.

Bakuli la Issa lilikuwa la bati, jeupe, lenye maua ya buluu pembeni. Siku ya tano lilirudi limefunikwa.

Mama alilipokea kwa mikono miwili. Aliliweka juu ya uchaga wa jikoni hivyo hivyo, mdomo chini, na halikuguswa kwa miaka. Majirani walikuja wakakaa. Siku arobaini hivi baadaye watoto wengine wakatoka kumbini wakiwa wamevalishwa nguo mpya, ngoma zikapigwa, ndipo mama akalia. Na baada ya hapo watu waliendelea kumwita Mama Issa, kama zamani. Hata mimi niliyebaki hai sikumpa jina.

Mwaka uliofuata macho yangu yalianza kupepesa. Kwanza yalikuwa macho tu. Baadaye shingo ikawa inaruka upande wa kulia, kisha kichwa kinatikisika juu chini mara mbili tatu, na kooni inatoka sauti ndogo, hm, hm, kama mtu anayetaka kusafisha koo. Watu walidhani nafanya kusudi. Ngoja nikueleze inavyokuwa, maana asiye nayo hawezi kujua. Unasikia mwasho ndani ya shingo, mahali ambapo huwezi kujikuna. Ukijizuia, unaongezeka, kama chafya inayokaribia. Ukiruka, unatulia kidogo, kisha unarudi. Unaweza kujizuia mbele ya wageni, lakini utalipa wageni wakiondoka.

Na usiku kulikuwa na lile lingine. Nikilala chali nilisikia uzito mkubwa umenikalia kifuani, na koo limefungwa. Nilishtuka nikihema, nimelowa jasho, moyo unakimbia. Asubuhi mdomo ulikuwa mkavu kama gunia, kichwa kinaniuma, na mara nyingi kitanda kilikuwa kimelowa. Nilikuwa mtoto mkubwa, na bado mama alikuwa akianika mkeka wangu nyuma ya nyumba.

Pale shambani hakuna aliyesikia, kwa sababu nyumba zilikuwa mbalimbali. Kisha tukahamishiwa kijijini. Nyumba zilipangwa kwa mistari, ukuta kwa ukuta karibu, na siri yangu ikawa ya wote. Wiki ya pili balozi wetu wa nyumba kumi alikuja asubuhi, akaketi barazani, akajikuna kidevu.

"Mama Issa, mimi sikatai mtu kukoroma. Hata mimi mke wangu ananisema. Lakini huyu mwanao anakoroma, halafu ananyamaza, halafu anapiga ukelele kama anayechinjwa. Sisi wa jirani tunakoroma naye, tunanyamaza naye, halafu tunakaa macho tunaungoja ule ukelele. Hatulali."

Mama alimwomba radhi. Bi Zuhura, mama mtu mzima wa nyumba ya pili, alikuwa anapepeta mchele wake, akasema bila kuinua macho:

"Mmehama mkamwacha kaburini peke yake. Alizoea kulala na mdogo wake. Amekuja kumfuata."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Lakini neno lile liliingia ndani ya nyumba yetu na halikutoka kwa miaka miwili.

Usiku huohuo niliposhtuka nikihema, nilimsikia mama. Alikuwa ameketi chini, ameegemea kitanda changu, anaongea kwa sauti ya chini kabisa. "Issa, mwanangu, mwache mdogo wako. Hakukufanyia kitu. Kama una baridi, nitakuja nikuwashie moto kule."

Tangu usiku ule nilianza kumwona. Kabla ya hapo ulikuwa uzito tu. Sasa uzito ulipata uso: mdomo wazi, meno ya mbele yaliyopishana. Alikuwa amenikalia kifuani na magoti yake, ananitazama, hacheki. Nilianza kumwogopa kaka yangu, na baada ya kumwogopa nikamchukia. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko kisu chochote nilichopigwa hospitalini. Yule aliyeninyoa ulimbo kwa siri, nilikuwa nikimwombea moto wa Jehanamu.

Basi nikaanza kukataa usingizi. Nilijifinya mapaja, nilikaa wima. Na kadiri nilivyokosa usingizi, ndivyo shingo ilivyoruka mchana. Wakati ule sikuunganisha mambo hayo mawili. Hakuna aliyeyaunganisha.

Tulihangaika. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliniandikia kombe, aya za kuoshwa kwa maji, nikanywa. Nikafungwa hirizi shingoni, nayo ilibana, nikawa nahema zaidi. Mzee mmoja mwenye kisu cha waya alinikata kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Nilitema damu siku nzima, lakini mambo hayakubadilika. Nawataja hawa bila dharau. Kila mmoja alitaka nipone, ila wote walimtafuta Issa, na Issa hakuwapo.

Shuleni niliitwa Mjusi. Mjusi akikaa ukutani hutikisa kichwa juu chini, umeshamwona. Wenzangu walisimama mbele yangu: "Mjusi, unakubali nini? Unakubali kuwa mama yako mchawi?" Kichwa changu kinatikisika. Wanaanguka kwa kicheko. Mwalimu mpya alidhani namkonyeza, akanichapa fimbo nne, na kwa maumivu ya fimbo nikamkonyeza tena. Ukinicheka kwa hilo hukosei. Hata mimi sasa nacheka.

Jambo lililoleta mwisho wa yote lilikuwa mpunga. Kijiji kilikuwa na shamba la pamoja bondeni, na watoto tulipewa zamu ya kuamia, yaani kufukuza ndege wasile mpunga ulioiva. Nilipanda kwenye ulingo wa miti asubuhi na kopo la mawe mkononi. Jua lilipopanda nikalala. Sikulala kwa uvivu. Usingizi wa mchana ulikuwa ukiniangusha kama mtu aliyepigwa rungu. Waliponiamsha, ndege walikuwa wameshuka kwenye sehemu yangu kama blanketi, na masuke yalikuwa yamebaki makapi.

Mwenyekiti wa kijiji alinisema mbele ya watu. Mjomba Selemani alisimama pembeni, ameshika baiskeli yake, hatazami mtu. Jioni alikuja kwa mama.

"Dada, mtoto huyu umemlea kwa huruma, huruma imemlegeza. Mwezi ujao kumbi linafunguliwa. Ataingia. Mimi mwenyewe nitamsimamia."

"Kama ulivyomsimamia mwenzake," mama alisema.

Sikuwahi kumsikia mama akimjibu kaka yake hivyo. Mjomba akasema, "Ndiyo. Kama nilivyomsimamia mwenzake," akainuka akaenda zake.

Wewe unayesikiliza huenda unaona hatari ilipokuwa. Mimi sikuiona yote. Nilijua tu kwamba Issa alikwenda mahali pale na hakurudi, nami nakwenda mahali palepale, na Issa ananingoja. Mama alikuwa akinitazama nikila kama mtu anayehesabu matonge. Kila mara macho yake yalikwenda kwenye uchaga, kwenye lile bakuli.

Kabla ya wiki kwisha nikapata mafindofindo. Nilikuwa nayapata mara kwa mara: homa, koo limevimba, mate hayamezeki. Mjomba hakutaka nipelekwe kumbini na homa, kwa hiyo yeye mwenyewe alinipakia kwenye baiskeli akanipeleka zahanati, mama akitufuata kwa miguu. Mganga wa zahanati alikuwa kijana wa Kipare aliyeitwa Elinami, mgeni bado, watu wakimcheka kwa jinsi alivyotembea mchangani kama anayekanyaga mayai. Kulikuwa na foleni. Nikalazwa kwenye benchi, chali, nikasinzia.

Yaliyofuata niliyapata kwa mama. Elinami alikuwa akimfunga mtu kidonda, akasikia ninavyokoroma, kisha akasikia nilivyonyamaza. Aliacha bandeji mkononi mwa mgonjwa akaja. Akavua saa yake, akaishika juu ya uso wangu.

"Mama, mtoto huyu hulala hivi siku zote?"

"Hivi ndivyo anavyokabwa."

"Anakabwa na nani?"

Mama alitazama chini. "Na kaka yake."

"Kaka yake yuko wapi?"

"Alifariki."

Elinami hakucheka, na hakumwambia mama kwamba ni mshirikina. Ninamheshimu kwa hilo kuliko kwa elimu yake. Alisema, "Njooni mtazame wote. Na wewe mzee. Tazameni kifua chake, kinapanda, kinashuka, kinajitahidi. Sasa sikilizeni puani. Kuna hewa?" Walisikiliza. Hakukuwa na hewa. Kifua kilikuwa kinavuta, lakini kooni mlango umefungwa. Alihesabu kwa sauti kwa saa yake, akafika ishirini na nne, ndipo nikashtuka kwa ule ukelele, nikahema, na bila kuamka nikaendelea kulala.

Kisha akaweka mkono mmoja begani kwangu na mwingine nyongani, akanigeuza ubavu. Ule mkoromo ukashuka, ukawa pumzi tu. Alihesabu tena, kwa muda mrefu. Pumzi haikukatika.

"Mama," alisema taratibu, "kama ni marehemu anayemkaba, mbona nikimlaza ubavu anamwachia?"

Mama alisema wakati huo alikuwa akimtazama kaka yake. Mjomba Selemani alikuwa ameshika ukuta. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu. Akatoka nje, akachuchumaa karibu na baiskeli yake, akakaa huko mpaka walipomwita.

Elinami aliniamsha, akanifungua mdomo kwa kijiko, akamulika kwa tochi. Findo zangu mbili zilikuwa zimekua mpaka zikakutana katikati, kubwa kama ndimu. Alimwonyesha mama. Alieleza kwamba nyuma ya pua huenda kuna nyama nyingine kama hizo, na kwamba mtu akilala misuli ya koo hulegea, ulimi unarudi nyuma, na mahali pembamba panafungika kabisa. Akilala chali ndio zaidi. Akaandika barua ya kwenda hospitali Mtwara.

"Lori la kijiji linakwenda lini?" aliuliza.

Mjomba ndiye aliyejibu. "Jumatano. Nitampeleka mimi."

Tulisafiri juu ya magunia ya korosho. Niliposinzia, mjomba aliniweka kichwa pajani kwake na kunilaza ubavu, na kila lori liliporuka nikageuka, mkono wake ulinirudisha ubavu tena.

Hospitalini daktari alikuwa mgeni kutoka nje, mwenye Kiswahili cha kuokoteza. Alinitazama koo, akanitazama nikipepesa na kuruka shingo. Mjomba alimwuliza kama na hilo litapona. Daktari alifikiri, kisha akasema maneno ambayo nimeyashika mpaka leo.

"Koo, mimi natengeneza. Macho na shingo, sijui. Mtoto halali miaka mingi, kichwa kinachoka sana. Labda akilala vizuri, inapungua. Labda hapana. Mimi siwezi kuahidi."

Kwenye chumba cha upasuaji niliogopa jambo moja tu: kulazwa chali. Nilipigana. Muuguzi, mama mnene mwenye sauti nzito, aliniinamia akasema, "Mwanangu, mimi nitakuwa nimekushika taya hivi, mlango usifungike. Siliachii mpaka uamke." Wakaniwekea kitambaa chenye harufu kali puani. Nilimwona Issa mara moja, mbali kidogo, amesimama. Hakuja kunikalia.

Nilipoamka nilikuwa ubavuni, damu inatiririka kwenye beseni, koo linawaka kama nimemeza makaa. Maumivu yale sitayaficha. Kumeza mate kulikuwa kama kumeza wembe, na maumivu yalipanda hadi masikioni. Kwa siku tatu nilikunywa uji uliopoa na maji. Harufu ya mdomo wangu mwenyewe ilinitapisha. Mtoto wako akifika hapo, usimwambie koo haliumi. Mwambie linauma, na kwamba litapona kabla ya wiki mbili.

Usiku wa kwanza mjomba aliruhusiwa kukaa nami. Nililala. Nilikuwa nimelala usingizi ambao sijawahi kuulala tangu kuzaliwa, kimya kabisa, aliponitikisa bega.

"Hamisi, uko?"

"Niko, mjomba."

Nikalala. Baadaye tena mkono begani. "Hamisi, uko?" Mara ya tatu nilimwuliza kwa nini ananiamsha, nami siugui tena. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono katikati ya magoti.

"Umenyamaza mno," alisema. "Issa naye alinyamaza."

Kisha akanieleza, mimi mtoto, jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu. Kumbini mtoto aliyetahiriwa hulazwa chali, miguu imetanuliwa, kigogo katikati, ili kidonda kisiguswe. Haruhusiwi kugeuka. Msimamizi hupita na fimbo, anayegeuka ubavu anarudishwa. Ndivyo walivyofanyiwa wao na baba zao.

"Kaka yako alikuwa anageuka mwenyewe. Amelala, hajui, anageuka. Usiku ule nilimrudisha chali mara tatu. Mara ya tatu nilimwambia, lala kama mwanamume. Alikuwa anakoroma, halafu akanyamaza. Nikasema afadhali, amepata usingizi. Nikalala na mimi."

Nilimpa mkono wangu, akaushika mpaka asubuhi.

Mimi ni mtu mzima sasa, na nimesoma kiasi. Siwezi kuapa kwamba Issa alikufa kwa kukosa pumzi. Hakuna aliyempima. Huenda ilikuwa damu, huenda homa ya kidonda. Mjomba alikufa bila kupata jibu, nami sina. Ninachojua ni kwamba hakuwa akinikaba. Katika miaka ile yote alikuwa amelala tu alipozikwa, nasi tunamtukana.

Tuliporudi, mama alisikiliza habari za hospitali, kisha yeye na mjomba na mimi tukaenda shamba la zamani. Kaburi lilikuwa limeota nyasi. Mjomba akaniambia nibaki kwenye mkorosho wa mwisho. Nikawaona wamesimama, kisha mjomba akaketi chini, anaongea. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua kanga yake ya juu, akamfunika nayo mabega. Akainama, akang'oa nyasi kaburini kwa mikono, akasema kwa sauti iliyonifikia hata mimi kwa mbali: "Issa, tulikutuhumu bure. Sasa mdogo wako analala. Na wewe lala."

Jandoni niliingia mwaka uliofuata. Wengine walisema mjomba ameharibu kumbi, analeta mambo ya zahanati. Hakujibizana nao. Alipita kila jioni, na mtoto yeyote aliyekoroma alimgeuza ubavu, akamwekea furushi la majani mgongoni asirudi chali, na kigogo akakiweka namna ya kulinda kidonda hivyo hivyo. Alikaa macho usiku kucha kwa siku kumi za mwanzo. Hakuna bakuli lililorudi limefunikwa.

Na bakuli langu lilikuwa lile jeupe lenye maua ya buluu. Siku niliyoondoka mama aliliteremsha kutoka kwenye uchaga, akaliosha kwa majivu, akalijaza ugali na samaki. Kila jioni lilirudi mdomo juu. Alinisimulia kwamba siku ya tano alikwenda kulipokea njiani, hakuweza kungoja nyumbani, na alipoliona tupu, limelambwa, alilivaa kichwani kama kofia akarudi nalo akicheka na kulia, mpaka balozi akatoka nje kuuliza kuna nini.

Sasa kuhusu macho na shingo. Mkoromo uliondoka siku ile ile ya kisu. Kitanda kikawa kikavu ndani ya wiki chache. Lakini shingo iliendelea kuruka mwezi wa kwanza na wa pili, nikakata tamaa. Mwezi wa tatu mama aliona ile sauti ya kooni haipo. Kabla ya mavuno, kichwa kiliacha kutikisika, na jina la Mjusi likamhamia mtu mwingine, maskini. Jicho la kushoto halikuacha kabisa. Nikikosa usingizi siku mbili, nikiuguza mtu au nikisafiri, linarudi kupepesa, na siku nyingine shingo nayo inakumbuka. Nikilala vizuri, linatulia. Hicho ndicho ninachoweza kushuhudia, kwa mwili wangu mmoja. Wako watoto wanaopepesa ambao hulala kama maji mtungini, na wako wanaokoroma ambao hawapepesi kamwe. Huenda ningepona shingo hata bila kisu, kwa kukua tu. Lakini mtoto mwenye yote mawili, usimtazame mchana peke yake.

Usimchape kwa kupepesa. Usimwambie "acha", kwa sababu ukisema hivyo mwasho unaongezeka. Na usimtafutie wa kumlaumu, aliye hai wala aliyelala kaburini.

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyeniacha nikahesabu miaka hii yote. Namshukuru Elinami aliyeacha kidonda cha mtu akaja kutazama kifua cha mtoto. Namshukuru mjomba Selemani, aliyeona kosa lake na hakulikimbia.

Leo mtoto wako akishalala, keti karibu naye, zima redio. Tazama kifua, na weka kiganja chako mbele ya pua yake. Kifua kikipanda na kiganja kisisikie hewa, hesabu. Ukifika kumi, mgeuze ubavu, mwekee nguo iliyokunjwa mgongoni asirudi chali. Asubuhi mpeleke hospitali, na umweleze daktari ulifika ngapi.